Sayansi Isiyo na Duka

Wakulima wa mikoa ya kusini mwa Tanzania wana muhogo wanaouita Namikonga. Katika pwani ya Kenya kuna muhogo unaoitwa Kaleso. Kwa miaka mingi watafiti waliiandika mihogo hiyo kama aina mbili, mpaka vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kuwa ni mmea mmoja. Mmea huo una namba ya usajili, 46106/27, nayo ilitolewa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, enzi za Waingereza. Kituo kiliacha kazi ya kuzalisha mihogo mwaka 1957. Wakulima hawakuacha. Waliendelea kukata vijiti, kupeana jirani kwa jirani, na kuuita mmea kwa majina yao wenyewe. Leo Namikonga ni mojawapo ya hazina chache walizonazo watafiti dhidi ya michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ya muhogo ardhini kuanzia Msumbiji hadi Uganda.

Mazungumzo kuhusu sayansi na njaa kwa kawaida huanzia dukani. Tunasikia habari za mbegu chotara, mbolea, viuatilifu, siku hizi na programu za simu. Vitu hivyo vina faida yake na nitaifikia. Lakini ukipitia historia ya miaka mia moja iliyopita katika Afrika yetu, utaona kwamba sayansi iliyowafikia watu maskini kabisa wa vijijini, tena kwa wingi, ni ile ambayo hakuna mfanyabiashara angeweza kuiuza. Jambo hili lina matokeo makubwa kwa swali la nani anapaswa kuilipia.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2025 ilikadiria kuwa watu wapatao milioni 673 duniani walikuwa na njaa mwaka 2024. Zaidi ya milioni 307 kati yao walikuwa Afrika, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wa bara hili, na wakati idadi ilipungua Asia na Amerika ya Kusini, kwetu iliongezeka. Zaidi ya asilimia 80 ya maskini wa dunia wanaishi vijijini. Wengi wao ndio wanaolima chakula, na bado ndio wanaolala njaa miezi ya kabla ya mavuno.

Turudi Amani. Wajerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1902. Hata kabla ya hapo, mwaka 1894, mtaalamu wa mimea Warburg alikuwa ameeleza kutoka Usambara ugonjwa unaokunja na kutia mabaka majani ya muhogo, ambao wakulima wetu wanauita batobato. Katika miaka ya 1930, mtafiti wa Amani H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza kutafuta dawa yake ndani ya mmea wenyewe. Walikusanya mihogo kutoka sehemu nyingi za dunia na karibu yote ikaugua. Ndipo wakaugeukia mti wa mpira wa Ceara, ndugu wa mwituni wa muhogo, ambao batobato haiuwezi. Watoto wa ndoa hiyo walikuwa wagumu kwa ugonjwa lakini mizizi yao ilikuwa myembamba, isiyolika. Wakawarudisha kwa muhogo, wakachagua, wakawarudisha tena, kizazi baada ya kizazi. Ni Storey huyohuyo aliyeeleza michirizi kahawia kwa mara ya kwanza, mwaka 1936.

Wakati kazi hiyo ya watu wachache ikiendelea, serikali ya Uingereza ilimwaga fedha Kongwa, Urambo na Nachingwea katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Yaliletwa matrekta kwa mamia. Udongo wa Kongwa ukakauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikutosha, na mwaka 1951 mradi ulifutwa ukiwa umemeza zaidi ya paundi milioni 36. Hakuna aliyekuwa amepima vya kutosha mvua na udongo kabla ya kuagiza mitambo. Nadhani kila waziri wa kilimo angepaswa kusoma habari za Kongwa na za Amani kwa pamoja, maana zilitokea katika nchi moja na zama zilezile.

Uzao wa mihogo ya Amani ulisafiri. Ulifika Nigeria, na kuanzia mwaka 1971 mtafiti kutoka Korea, S. K. Hahn, aliutumia katika taasisi ya kimataifa ya IITA mjini Ibadan kuzalisha mihogo mipya yenye mavuno makubwa. Mmoja wao, TMS 30572, ulienea mashambani Nigeria, nchi ambayo baadaye ikawa ya kwanza duniani kwa uzalishaji wa muhogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda. Ilisonga kuelekea kusini kwa kasi ya kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, ikibebwa na inzi weupe na kwa vijiti ambavyo watu walipeana bila kujua. Mwaka 1997 watafiti walitangaza sababu ya ukali wake: virusi viwili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kirusi cha tatu. Kufikia hapo familia nyingi za Teso na kwingineko zilikuwa zimeyaacha mashamba yao ya muhogo na njaa ilikuwa imeingia majumbani. Kilichowaokoa ni mihogo mipya, ukiwemo TMS 30572 ambao Uganda iliupa jina Nase 3. Damu ya Usambara ilikuwa imezunguka kupitia Ibadan na kurudi Afrika Mashariki baada ya nusu karne.

Haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 2004 michirizi kahawia, ambayo awali ilikuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, ilionekana Uganda kwenye maeneo ya zaidi ya mita 1,000. Mihogo mingi iliyoshinda batobato haikuweza kuustahimili. Ugonjwa huu ni mbaya kwa namna yake: majani yanaweza kuonekana yana afya, mkulima akasubiri mwaka mzima, na siku ya kung'oa akakuta mizizi ina mabaka makavu ya kahawia asiyoweza kuyala wala kuyauza. Hapo ndipo Namikonga, ambayo wakulima wa kusini waliitunza bila mshahara wa mtu yeyote, ilipokuwa mali ya thamani kwa watafiti wa kituo cha Naliendele na vituo vingine.

Nimekaa sana kwenye muhogo kwa sababu unaonyesha kitu ambacho hadithi za ugunduzi mmoja wa ghafla hukificha. Ushindi dhidi ya ugonjwa wa mmea una muda wake, kisha kirusi hubadilika au husafiri, na kazi huanza upya. Nchi inayofunga kituo cha utafiti baada ya mafanikio inakuwa imejiandalia njaa ya miaka 20 ijayo.

Muhogo una sifa nyingine inayogusa fedha. Unapandwa kwa kijiti, na kila shina ukilivuna linakupa vijiti vya kupanda tena. Mkulima akinunua mara moja hana sababu ya kurudi dukani msimu ujao. Kampuni ya mbegu haiwezi kuishi kwa biashara ya namna hiyo, na sioni kosa lake. Ndiyo maana mihogo yote niliyoitaja, na vilevile viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyozalishwa ili kuwapa watoto vitamini A, ilitoka katika vituo vya umma na taasisi za kimataifa zinazoishi kwa misaada. Kazi ya viazi hivyo iliwapatia Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis aliyesukuma wazo la kuongeza virutubisho ndani ya mazao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kidung'ata wa muhogo. Mwaka 1973 mdudu huyu mweupe mwenye ungaunga alionekana karibu na Kinshasa na Brazzaville. Alikuwa ameingia kutoka Amerika ya Kusini, bila shaka kwa vijiti vya kupanda, na huku hakuwa na adui. Katika maeneo aliyoshambulia vibaya mavuno yalipungua kwa hadi asilimia 80, na majani ambayo watu hupika kisamvu yakakauka. Viuatilifu vingekuwa ghali kwa watu wanaolima robo eka, na vingewadhuru. Mswisi Hans Herren na wenzake wa IITA wakaamua kumtafuta adui wa mdudu huyo huko alikotoka. Kwanza walimpata kidung'ata kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakagundua ni wa jamii nyingine, na maadui zake hawakumgusa yule wa Afrika. Mwaka 1981 Tony Bellotti alimpata aliye halisi Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo asiyefikia milimita mbili, ambaye hutaga mayai ndani ya mwili wa kidung'ata. Nyigu alipelekwa kwanza London akae karantini, ili ihakikishwe kwamba hatakuja kuwa balaa jipya, kisha akaachiliwa Nigeria mwishoni mwa mwaka huo.

Katika miaka iliyofuata nyigu huyo alisambaa katika nchi zipatazo 30, Tanzania ikiwemo. Wengine waliachiliwa kutoka kwenye ndege. Mkulima hakununua kitu, hakuhudhuria semina, hakusaini mkopo, na wengi hawakujua kamwe kwa nini muhogo wao ulipona. Mwaka 1988 mchumi Richard Norgaard alikadiria kuwa kila dola 1 iliyotumika ilirudisha dola 149. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, na kwa zaidi ya miaka 10 aliongoza taasisi ya wadudu ya ICIPE jijini Nairobi. Hakuna duka popote linalouza nyigu huyo, na hakuna kampuni ambayo ingetumia miaka kumtafuta.

Kwa wafugaji habari ni hiyohiyo. Sotoka iliyoangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011. Chanjo ilitengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, lakini ilihitaji barafu, na barafu haifiki kwenye malisho ya mbali. Kazi ilikamilika baada ya kupatikana chanjo inayovumilia joto na baada ya wafugaji wenyewe kufundishwa kuchanja. Zanzibar nayo iliwaondoa kabisa mbung'o katika kisiwa cha Unguja: mamilioni ya madume waliofanywa tasa kwa mionzi walilelewa Tanga na kuachiliwa kwa ndege kuanzia mwaka 1994, majike yakapandwa bila kuzaa, na mwaka 1997 ikatangazwa kuwa hakuna mbung'o aliyebaki.

Hata hivyo si haki kulifunga duka. Mahindi chotara ya Kitale, yaliyoanza na H611 mwaka 1964, yalienea katika nyanda za juu za Kenya kwa kasi iliyowashangaza wachumi. Huko mvua zilikuwa za kuaminika, barabara zilikuwepo na mahindi yalikuwa na mnunuzi. Lakini hata mbegu hiyo ilizalishwa na watafiti wa serikali, na kampuni ikaisambaza. Mfano mwingine ni ghala. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, alitua Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akageuza mahindi na makopa kuwa vumbi. Adui wake wa asili alifuatwa na kuachiliwa, Kenya mwaka 1992, lakini hakumaliza tatizo, kwa sababu dumuzi huishi pia porini na hurudi ghalani kila msimu. Kinachomsaidia mkulima zaidi sasa ni mfuko wenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, ulioanzia Kamerun kwa ajili ya kunde, ambao hufungwa hewa isiingie na wadudu wakakosa pumzi. Mfuko unauzwa, unatumika tena msimu wa pili na wa tatu, na unamwezesha mtu kungoja bei ipande badala ya kuuza mahindi yote mwezi wa mavuno. Kwangu hii ni sayansi nzuri ya dukani: mnunuzi anaona faida yake ndani ya miezi sita, na haimwingizi katika deni la kila mwaka.

Duka linashindwa pale linapopewa mzigo wa umma. AGRA, shirika la kukuza kilimo Afrika lililoanzishwa mwaka 2006 na lenye makao Nairobi, lilijiwekea lengo la kuongeza maradufu mavuno na kipato cha mamilioni ya kaya kufikia mwaka 2020 kwa kusukuma mbegu bora, mbolea na wauzaji wa pembejeo. Lengo halikufikiwa. Mapinduzi ya kijani ya Asia, yaliyompa Norman Borlaug Tuzo ya Nobeli mwaka 1970, yalisimama juu ya mifereji ya umwagiliaji na bei ya mazao iliyolindwa na serikali. Kuchukua mbegu na mbolea ukaacha maji na bei ni kumtwika mkulima hatari yote peke yake. Mvua ikikata, deni la mbolea linabaki.

Kuna pia sayansi isiyouzika kwa sababu ni maarifa matupu. Muhogo mchungu una sianidi, na mababu waliitoa kwa kuloweka siku kadhaa na kuanika. Mwaka wa ukame au wa vita watu hufupisha siku za kuloweka, na kama hawapati kunde wala dagaa mwili unakosa protini ya kuipunguza sumu. Matokeo yake huitwa konzo: miguu hupooza ghafla na haiponi, hasa kwa watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Ilipiga Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, imewapata wengi Kongo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijitokeza kusini mwa Tanzania. Howard Bradbury wa Australia alionyesha njia rahisi. Unga wa muhogo unalowanishwa, unatandazwa mkekani tabaka jembamba, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichomo ndani ya unga humalizia kuivunja sumu na gesi hutoka. Jioni unasonga ugali kama kawaida. Katika eneo la Popokabaka, Kongo, akina mama walifundishwa, wakafundishana, na katika kijiji cha kwanza kilichojaribiwa visa vipya vilikoma. Gharama ni maji na mkeka. Lakini mtu wa kwenda kijijini kufundisha anahitaji mshahara na pikipiki, na hapo ndipo mambo hukwama.

Mwalimu huyo anayekosekana ndiye anayeeleza pia kwa nini kilimo cha vuta-sukuma hakijaenea kama kilivyostahili. Kilianza Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1990 chini ya Zeyaur Khan wa ICIPE. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na kuwafukuza vipepeo wa funza wa mabua, huku majani ya tembo yaliyozunguka shamba yakiwavuta watage huko. Zaidi ya hayo desmodiamu huifanya mbegu ya gugu la kiduha iote na kufa kabla ya kunyonya mahindi, na hulisha ng'ombe. Anayeingia katika kilimo hiki anahitaji mbegu ya desmodiamu, ambayo ni adimu, na mtu wa kumwongoza msimu wa kwanza wenye palizi nyingi. Bwana shamba mwenye vijiji vitano na asiye na mafuta ya pikipiki hawezi kuwa mtu huyo.

Hadi hapa nimezungumzia njaa zaidi ya umaskini, na hayo mawili hayaendi pamoja moja kwa moja. Mavuno yakiongezeka kwa wote, bei hushuka. Anayefaidika haraka ni anayenunua chakula, na wakulima wadogo wengi ni wanunuzi miezi kadhaa ya mwaka, kwa hiyo njaa hupungua. Mfuko wa muuzaji unaweza kubaki vilevile. Muhogo unaonyesha hili vizuri kwa sababu huharibika siku mbili tatu baada ya kung'olewa, na mkulima aliyejaza kiroba hana uwezo wa kubishana na mwenye fuso. Nigeria ilivuka mtego huu kwa sababu mbegu mpya ilikutana na mashine ya kukwangua na gari, yaani chakula kikavu cha muhogo kinachokaa na kupendwa mjini. Kwetu makopa na udaga bado hutengenezwa kwa mikono ya wanawake, kwa saa nyingi, na ubora usiotabirika. Mashine ndogo ya kuchakata ikikaa kijijini, chini ya kikundi kinachoweza kulipia vipuri, huongeza kipato kuliko aina nyingine mpya ya muhogo. Utafiti wa mashine hizo, na wa masoko yake, unapata fedha kidogo kuliko unavyostahili.

Na fedha ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, na nchi nyingi hazijaitimiza. Lengo la Umoja wa Afrika kwa utafiti ni angalau asilimia 1 ya pato la kilimo. Mwaka 2014 wastani wa nchi zilizo kusini mwa Sahara haukufika nusu ya hapo. Pengo limezibwa na wafadhili, na mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, miradi mingi ya utafiti wa mazao ya maskini ilisimama katikati ya msimu.

Kwa muhogo, pengo hilo lina tarehe ya kulipwa. Michirizi kahawia imeshaingia mashariki mwa Kongo. Mbele yake, upande wa magharibi, kuna Nigeria na majirani zake, ambako mamilioni ya watu hula muhogo kila siku na mihogo mingi ya huko haina kinga. Mpango wa WAVE, wenye makao Bingerville, Côte d'Ivoire, unafuatilia virusi hivyo katika nchi za Afrika Magharibi na Kati, kwa fedha zinazotoka zaidi kwa wafadhili wa nje. Tanzania nayo imeanza kuwafundisha wakulima kuzalisha vipando safi vinavyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, ili ugonjwa usisafiri tena ndani ya vijiti vya zawadi. Kazi zote mbili zinahitaji wakaguzi, maabara na usafiri mwaka hadi mwaka, hata misimu ambayo hakuna ugonjwa wa kuonyesha kwenye ripoti. Serikali za nchi hizo zinapaswa kuziingiza katika bajeti zao za kawaida sasa, wakati mashamba ya Nigeria bado ni mazima.